Ukuta wa Watu Wasiosemezana

Wilf Alderson hakumaliza chai yake asubuhi ile. Tangu Novemba ianze alikuwa haimalizi. Alikunywa mafunda mawili, akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena.

"Utatoboa sakafu," mkewe Hilda alimwambia.

"Dume la Nora liko wapi?"

"Liko kwa Nora. Kaa unywe chai."

"Nimesikia jiwe likianguka."

"Umesikia moyo wako, mume wangu."

Wilf hakukaa. Alichukua kofia yake, akatoka, akapanda kilima kwenda kuuangalia ukuta.

Mimi nilikuwa mlangoni na barua zao. Kazi yangu ni kupeleka posta katika bonde hili la Yorkshire, Uingereza. Nilizaliwa Handeni, nikaolewa huku, na baridi yao imeshanizoea. Kila siku nafika kwa Wilf, kisha nazunguka na gari mpaka kwa jirani yake, Nora Calvert. Kwa hiyo nilikuwa nauona ukuta wao pande zote mbili. Wao wenyewe kila mmoja aliona upande wake tu.

Ni ukuta wa mawe matupu, bila saruji, kama kuta zote za huku. Unagawa malisho ya Wilf na malisho ya Nora. Upande wa Wilf walikuwapo kondoo majike wachanga, wembamba, ambao hawajawahi kuzaa. Upande wa Nora alikuwapo Askofu.

Askofu ni dume la kondoo wa aina kubwa, mwenye kichwa kipana na shingo nene. Novemba ni msimu wao wa kupandana, na akimpanda jike mchanga wa mlimani, mtoto huwa mkubwa mno. Siku ya kuzaa jike anaweza kufa, na mtoto naye. Wilf hakuwa na malisho mengine ya kuwahamishia majike wake. Kinga yao ilikuwa ukuta ule tu, na ukuta ulikuwa umeshaanguka mara mbili, mahali palepale.

Kwa nini wasisaidiane kuujenga? Ulimi, jamani. Kwenye maonyesho ya mifugo Nora alimleta Askofu amepambwa. Wilf akasema mbele za watu, "Huyo si kondoo, ni kabati limevishwa sufu." Watu wakacheka. Nora hakucheka. Alikuwa amemlea Askofu kwa chupa majira yale ya baridi alipomzika mumewe. Tangu siku ile hakumsemesha Wilf, na Wilf kwa ukaidi wake akanyamaza pia.

"Ukuta hauanguki kwa uvivu," nilimwambia Hilda. "Wilf anajenga vizuri. Na Nora naye anajenga vizuri upande wake."

Hilda alikuwa anakata mkate. Kisu kikasimama.

"Nora anajenga?"

"Si wanajenga wote? Wilf amejenga uso wa huku. Siku ya pili yake Nora akajenga uso wa kule."

"Mimi nilidhani Wilf kajenga pande zote mbili! Mawe marefu je? Yale bapa?"

"Yamelala kwenye majani."

Hilda aliketi. Baba yake alikuwa fundi wa kuta, na yeye amekua akimpokeza mawe.

"Ndiyo maana," akasema. "Mwanangu, ukuta ule hauna tai."

Nilicheka. "Tai ya shingoni?"

"Neno ni hilohilo la Kiingereza, 'tie'. Sisi kamba ya kiatu tunaifunga kwa neno hilo. Timu mbili zikitoka sare, neno hilo. Undugu wa damu, neno hilo. Kitu chochote kinachoshika hiki na kile visiachane. Ngoja nikuonyeshe."

Alichukua vipande viwili vya mkate, akavisimamisha sambamba mezani, na katikati akajaza makombo.

"Ukuta wetu ni kuta mbili zinazotazamana. Katikati ni mawe madogo. Mvua inanyesha, barafu inavimba, mawe madogo yanasukuma. Sasa tazama."

Aligusa makombo kwa kidole. Kipande kimoja kikaangukia huku, kingine kule. Alivisimamisha tena, akachukua sindano yake ya kufumia, akaichoma kutoka kipande kimoja mpaka kingine. Akasukuma tena. Mara hii vilisimama.

"Hiyo ndiyo tai. Jiwe refu linalotoka uso huu mpaka uso ule. Linalazwa kwenye kimo cha magoti, kila hatua moja jiwe moja. Halafu mstari mwingine kifuani."

"Wilf hajui?"

"Anajua kama anavyojua jina lake! Lakini tai inaingia upande wa mwenzako. Lazima mjenge pamoja, kimo kimoja, na mtu awepo kule kuipokea. Utamsukumia jiwe mtu usiyesema naye?"

Kabla sijajibu tulimsikia Wilf akipiga kelele kule juu. Tulikimbia, Hilda na aproni yake, mimi na mfuko wangu wa barua.

Ukuta ulikuwa umefunguka mara ya tatu. Askofu alikuwa amepanda juu ya mawe yaliyomwagika, miguu ya mbele tayari iko kwetu. Majike wachanga walikuwa wamejibanza pembeni. Wilf alikuwa amepanua mikono kama golikipa. Nilipiga makofi, Hilda akapeperusha aproni, na Askofu akarudi kinyumenyume, taratibu, kama mtu aliyesahau kofia yake.

Nora alikuwa ameshafika upande wake. Alianza kuokota mawe bila kututazama. Wilf naye akainama kuokota ya kwake.

"Wilf," Hilda akasema. "Ukijenga hivyo tena, mimi nakwenda kukaa kwa dada yangu. Sema na mtu yule."

Wilf alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Nora. Habari za asubuhi."

"Mvua," Nora akajibu.

"Nataka mtu wa kunipokelea jiwe upande wako."

"Bonde lina watu wengi."

"Upande wako uko wewe tu."

Nora akanyoosha mgongo. "Mimi na kabati langu."

Masikio ya Wilf yakawa mekundu. "Neno lile halikuwa zuri. Nilijua ulimlea kwa chupa kipindi cha msiba, na bado nikalisema. Naomba radhi."

"Hukunitukana mimi. Mwambie yeye."

"Nani?"

"Askofu. Si yule pale?"

Niliuma mdomo nisicheke. Wilf alimgeukia dume yule, kofia mkononi, mvua inamchuruzika kichwani. "Askofu," akasema, "nisamehe, mheshimiwa." Askofu aliendelea kutafuna.

"Amekubali," Nora akasema. "Lete jiwe."

Walibomoa mpaka kwenye mawe yaliyotulia. Wakapandisha nyuso mbili kwa pamoja, na vijiwe vya katikati wakavipanga kwa mkono badala ya kuvimwaga. Magotini wakalaza tai ya kwanza. Wilf alisukuma, Nora akapokea, akaisogeza mpaka ncha zikatokeza kidogo pande zote mbili. "Tulia hapohapo," Nora alisema. Sikujua kama alikuwa anasema na jiwe au na Wilf. Mimi barua zangu zilichelewa siku ile, na watu walininunia.

Baridi ilikuja na barafu yake. Ukuta haukutoa hata tumbo.

Aprili nilimkuta Wilf malishoni amepiga magoti kwenye matope. Hilda alikuwa amekwenda mjini. Jike mmoja mchanga alikuwa anasukuma na hakizaliwi kitu. Mtoto hakuwa mkubwa, maana baba yake alikuwa dume mdogo wa Wilf mwenyewe, lakini mguu mmoja ulikuwa umekunjika nyuma. Mikono ya Wilf ni mipana kama sepetu. Haikuingia.

"Atakufa," Wilf alisema, na sauti yake ilinitia hofu. "Atanifia hapa." Kisha akainua kichwa akaita kwa nguvu zake zote: "Nora!"

Nora alikuwa kule kwake. Kuzunguka kwa barabara ni mwendo mrefu. Hakuzunguka. Aliweka buti juu ya ncha ya tai ya chini, buti la pili juu ya tai ya juu, akavuka, akateremkia tai za upande wetu kama mtu anayeshuka ngazi. Alikunja mikono ya sweta. Mkono wake mdogo ukaingia, ukaunyoosha ule mguu, na mtoto akateleza nje, akapiga chafya.

Askofu alikuwa anatuchungulia kwa juu ya ukuta. Hakuweza kupita.

Wilf alifungua chupa yake ya chai, akammiminia Nora kwanza, kisha akajimiminia yeye. Akaketi kwenye majani, akainywa yote mpaka tone la mwisho.