Duara la Jumamosi

Siku waliyokutana, mtu wa tatu alipoteza nywele.

Ilikuwa mchana wa pilikapilika, malori yanapiga honi kwenye mzunguko wa barabara, wauza nguo wanaita wateja, na ndani ya kibanda cha kinyozi kilichotazama mzunguko huo mwalimu mmoja amekalia kiti, shuka shingoni. Kinyozi alikuwa kijana mtanashati, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Mtaa mzima ulimwita Redio, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuwa anamsimulia mwalimu mambo ya ndoa ya jirani, mashine iko kisogoni, hadithi imefika pazuri, mara sauti ikapasuka nje ya mlango: "HALO! MOJA, MBILI! HALO!"

Redio akaruka. Mashine nayo ikaruka, ikachora barabara nyeupe kutoka kisogo cha mwalimu hadi utosini.

Alitoka nje anafoka. Juu ya mkokoteni uliosheheni vipaza sauti virefu vyeusi alisimama msichana aliyevaa suruali ya kazi ya buluu, kitambaa chekundu kichwani, waya umemzunguka shingo. Huyo alikuwa Binti Spika, mkodishaji wa vyombo vya sauti vya harusi na mikutano, kazi aliyoachiwa na marehemu baba yake.

"Dada, umenifanya nimharibu mwalimu wa watu!"

"Yuko wapi huyo mwalimu?"

"Ndani. Nadhani analia."

Binti Spika akachungulia dirishani, akaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. "Mnyoe zote, kichwa chake kizuri kile. Na wewe kaka, mbona mwepesi hivyo kushtuka? Una siri gani?"

"Mimi sina siri hata moja. Muulize yeyote."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Hakuwa na siri yake wala ya mtu mwingine.

Mapenzi yakaanza. Redio alimpigia simu asubuhi kabla hajafungua kibanda, na mchana mteja akiwa na povu usoni. "Malkia, umekula?" "Nimekula, babu wewe, hebu ninyolee watu vizuri." Jioni walikuwa wakitembea pamoja barabara ya maduka, yeye na shati lake lililosimama, binti na mikono yake yenye harufu ya risasi ya kuunganishia waya, na Redio alikuwa akiangalia kila mwanamume aliyepita ili aone ametazama wapi. Ndiyo, alikuwa na wivu. Tuseme wazi tu: alikuwa na wivu wa kuuonea hata mkokoteni.

Sasa, huko mpakani kulikuwa na vita. Malori ya askari yalipita kwenye mzunguko ule yakiwa yamejaa vijana wanaoimba, yakarudi yana nafasi nyingi. Shangazi yake Binti Spika alikuwa na mwana aliyepanda moja ya malori hayo, na tangu hapo hakuleta habari. Basi shangazi na binti wakaanzisha jambo. Kila Jumamosi alasiri watu walikuja wakauzunguka mzunguko mzima, wakashikana mikono, wakasimama saa nzima bila kutoa neno. Shangazi akipuliza filimbi, kimya kinaanza. Akipuliza tena, kimya kinakwisha. Bango lilikuwa moja tu: VITA VIKOME, WATOTO WARUDI. Na msichana anayeishi kwa kuuza kelele ndiye aliyekuwa akihakikisha hakuna anayekohoa.

"Njoo usimame nasi," alimwambia Redio, si mara moja.

"Jumamosi? Mpenzi, Jumamosi ndiyo siku ya vichwa!"

"Kisingizio. Unaogopa saa nzima bila kusema."

"Naogopa," akakubali, wakacheka wote wawili. Laiti angejua, angekwenda siku ileile.

Akaja mtu mmoja wa kuitwa Koti. Hakuna aliyejua ametoka wapi. Alikuwa mrefu, ndevu zimekatwa ovyo, na jua au mvua hakuvua koti lake refu la kijivu. Mkono wa kushoto ulikaa mfukoni saa zote. Redio alimwona akipita, akakasirika. "Majivuno gani haya?" aliwauliza wateja. "Mtu anatembea mkono mfukoni kama mji wa babu yake!"

Jumamosi moja Redio akatupa jicho dirishani, wembe ukamganda mkononi. Binti Spika wake alikuwa amesimama bega kwa bega na Koti. Wengine wameshikana vidole tu. Yeye ameukamata mkono wa lile koti, ameuvuta kifuani kwake, ameushika kwa mikono miwili kama bibi harusi anayeogopa kuachwa. Saa nzima! Jumamosi iliyofuata, palepale. Na iliyofuata tena. Redio akawa ananyoa huku anachungulia, na wateja wakawa wanatoka na masharafa yaliyopinda.

"Yule bwana wa koti ni nani?" alimuuliza jioni.

"Ni mwenzetu wa duara."

"Mwenzenu ana jina?"

"Ana jina. Na wewe una wivu."

"Mimi? Wivu? Na lile koti la mtumba?"

Siku chache baadaye alimfuata ghalani kwake. Akamkuta ameinamia kipaza sauti kilichofunguliwa tumbo, simu ameibana kwa bega, hajamwona aliyeingia. "Usihangaike," alikuwa anasema kwa sauti laini. "Kesho asubuhi nitapita nikufunge vifungo. Hapana, sijamwambia. Nilikuahidi, sivyo? Basi lala."

Redio alisikia masikio yake yakiwaka moto. Vifungo!

"Unamfunga nani vifungo?" aliuliza.

Binti Spika akageuka, akanyoosha mgongo polepole. "Umeanza kunisikiliza kwa kuvizia?"

"Nijibu. Ni Koti?"

"Ni Koti."

"Mtu mzima! Hajui kufunga shati?"

"Redio, nitazame. Hakuna ubaya wowote. Lakini siri si yangu, na nimeahidi."

"Mimi si mpenzi wako?"

"Wewe ni mpenzi wangu na ni Redio. Nilikwambia naogopa radi, nalia nikiisikia, nikakwambia wewe peke yako. Kesho yake muuza nguo akaniuliza kama nimeshanunua pamba za masikio. Sasa nikupe siri ya mtu mwingine uipeleke wapi? Niamini tu. Ni hilo moja nakuomba."

Angekuwa na akili angenyamaza, akamkumbatia. Lakini wivu ukishakaa kitini hauondoki kwa kuombwa. Alitoka, akaubamiza mlango.

Jumamosi ilipofika alijiapiza hatachungulia. Akachungulia. Filimbi ilikuwa imeshalia, mzunguko mzima umetulia, hata wauza nguo wameacha kuita. Na Binti Spika yuko palepale, ameukumbatia mkono wa koti, macho ameyafumba. Ameyafumba! Redio aliacha mteja na nusu ya kichwa, akavuka barabara na aproni yake, honi zinamlilia huku na huku.

"Mwachie!" sauti yake ilipasua kile kimya chote. "Nasema mwachie mchumba wangu!"

Watu wakageuka. Hakuna aliyejibu, maana saa haijaisha. Binti Spika alifumbua macho, akatikisa kichwa kumsihi. Redio akaukamata ule mkono wa koti, akauvuta kwa nguvu zake zote.

Ukaja mzima. Ukaja mwepesi, mtupu, na koti lote likateleza begani. Chini yake shati lilikuwa limefungwa vifungo vizuri mpaka juu, na mkono wake wa kushoto umekunjwa na kubanwa kwa pini, kwa sababu ndani yake hamkuwa na kitu.

 Koti alikuwa ameacha mkono ule vitani, akaja mji asikojulikana ili azoee mwenyewe kabla watu hawajaanza kumwonea huruma. Wa duarani walijua, na hawakusema. Lakini ili duara lifungike, mtu mmoja alilazimika kuushika mkono wa koti badala ya kiganja, tena aushike sana, usiteleze.

Redio alisimama na lile koti mkononi. Alitaka kusema neno, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakulipata. Shangazi akaja, akalichukua, akamvisha Koti mabegani taratibu, kisha akamwonyesha Redio njia kwa filimbi.

Jioni alipiga simu mpaka ikapokelewa.

"Malkia, nisamehe. Nimekosa. Mimi ni mjinga."

"Ni mjinga kweli." Sauti ilikuwa imechoka. "Unajua sheria yetu ya kwanza ni ipi? Mtu hasimami na mtu wake. Mke hasimami na mumewe, dada hasimami na kaka yake. Unamshika mkono usiyemjua, usiye na lolote naye, ndiyo maana ya kusimama. Ungekuja hata siku moja ungelijua hilo. Ungeniona karibu naye ukalala usingizi."

"Sikujua, mpenzi."

"Nilikwambia niamini. Sisi tunasimama kimya vita vikome, mchumba wangu ananiletea vita katikati ya barabara. Usinipigie tena."

Hakupiga. Shati jeupe lilianza kukosa pasi. Na kibandani watu walijaa, si kunyoa, kusikiliza. "Hebu tupe, Redio! Ulipovuta ikawaje? Mkono umekatikia wapi? Bomu?" Zamani angeliwapa hadithi hiyo na nyongeza juu. Sasa alisema, "Inamisha kichwa," akaendelea kunyoa. Walimchokoza, wakamtania, wakanuna. Akawa ananyoa tu. Alilala akimwaza mtu mwingine anayesimama karibu na binti yule, na wivu ulimuuma kama jino bovu, lakini hilo nalo hakumwambia mtu.

Asubuhi moja mlango ukafunguliwa, akaingia Koti. Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Wanasema umekuwa bubu," alisema. "Nimekuja kuona kama unaumwa."

"Ndugu yangu, nilikukosea mbele ya watu. Sina la kujitetea. Nisamehe."

"Ninyoe ndevu kwanza. Nilikuwa mtu wa kushoto. Mkono huu niliobaki nao haujui kitu, kila siku unanikata."

Redio akampaka povu, akanoa wembe. Alianza mashavuni, akashuka kwenye koo. Hapo Koti akasema, macho darini, "Yule binti, kila akinifunga kifungo anakutaja. Cha kwanza Redio, cha pili Redio. Nilikuchoka kabla hatujaonana."

"Na wewe je?" Redio hakuweza kujizuia. "Unampenda?"

"Nampenda," alisema Koti.

Wembe ulisimama kooni. Nje lori lilipita, chupa za dawa zikatikisika rafuni. Redio aliona mshipa wa yule mtu ukidunda chini ya chuma chake, na wivu wote aliokuwa nao duniani ulikuwa pale mkononi.

"Lakini mimi ndiye wa kusimama naye," Koti akaendelea, hajasogea. "Alinipanga karibu naye siku ya kwanza tu. Sheria yao unaijua. Nilielewa."

Redio akashusha pumzi. Akaupeleka wembe polepole, akamaliza koo, akamaliza kidevu, akamfuta kwa taulo ya moto. Hakumwachia hata mkwaruzo.

"Jumamosi," alisema, "nani atashika upande wako wa kushoto?"

"Njoo uombe mwenyewe."

Jumamosi alifunga kibanda, siku ya vichwa, watu wakastaajabu. Alivuka barabara amevaa shati lake jeupe, pasi imerudi. Binti Spika alikuwa anapanga watu, kitambaa chekundu kilekile kichwani. Alimtazama kutoka viatu hadi nywele.

"Umekuja kupigana?"

"Nimekuja kusimama. Nipange popote."

Alifikiri kidogo. Kisha akamshika bega, akamweka katikati, kati ya Koti na yeye mwenyewe. "Hapa," akasema. Redio akaingia palepale. Alikuwa akiota kusimama karibu naye, na sasa amewekwa, na alijua maana yake. Mtu hasimami na mtu wake. Amekuwa kama mpita njia.

Filimbi ikalia. Mkono wa kulia akaukamata ule mkono mtupu wa koti, akauvuta kifuani kwake usiteleze. Kushoto akaushika mkono wa Binti Spika. Ulikuwa uleule, wenye harufu ya risasi, wenye kovu dogo la moto kidoleni. Alitaka kumwambia kila kitu. Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza moja moja. Lori la askari lilipita, vijana wakawatazama kutoka juu, hawakuimba. Shangazi aliwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, akimtafuta mwanawe kama kawaida yake, mpaka lori likapotea. Redio alilia, bila sauti, na hakuwa na mkono wa kujifutia.

Filimbi ikalia tena. Watu wakaanza kusema, kukohoa, kucheka. 

"Sema basi," alisema Binti Spika. "Saa imekwisha."

"Bado nina wivu," alisema Redio. Sauti ilikuwa imekauka. "Nimesimama hapa saa nzima nina wivu. Lakini nimesimama."

"Nimeona."

Koti alijifanya anatazama barabara. Binti Spika akatoa ncha ya kitambaa chake, akamfuta Redio machozi, bila haraka, mbele ya mji mzima.

"Jumamosi ijayo," akasema, "utasimama kule, upande wa shangazi."

"Kwa nini? Nimekosea nini tena? Nimeshika vizuri!"

"Umeshika vizuri sana."

"Sasa kwa nini unanihamisha?"

Binti Spika akautazama mkono wake ambao Redio alikuwa hajauachia bado, naye hakuutoa.

"Redio," akasema, "mtu hasimami na mtu wake."