Iestyn wa Nerys

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote ya Januari hapa bondeni kwetu. Mvua nyembamba, kondoo wamejibanza ukutani, na jirani yangu Nerys anakaanga mayai huku akigombana na redio.

Nerys ni mjane mwenye watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Iestyn, ndiye fahari ya bonde zima. Mbio za mlimani za majira ya baridi amezishinda mpaka watu wamechoka kumpongeza. Mdogo ni Gethin. Gethin naye hukimbia. Basi, hayo ndiyo yote yasemwayo juu yake: naye hukimbia. Haya ninayoyasimulia aliniambia mwenyewe jikoni kwangu, macho yakiwa sakafuni.

Asubuhi hiyo Iestyn alikuwa hoi kwa mafua, homa inamchemsha kitandani. Namba yake ya mashindano ilikuwa juu ya kabati, na pini zake.

"Nipe mimi hiyo namba, kaka," Gethin alimwambia. "Mie nilichelewa kujiandikisha, nafasi zimejaa."

"Thubutu!" Iestyn akakohoa mpaka akainama. "Ukivunjika mguu huko, Mama atapigiwa simu kwamba ni mimi. Namba ya mtu haivaliwi, Geth."

"Nani atajua?"

"Wewe utajua. Hebu kaniletee chai, acha ujinga."

Gethin akaleta chai. Akamfunika vizuri, akakaa mpaka kaka yake akapitiwa na usingizi. Kisha akaichukua namba, akachukua na kofia nyekundu ya sufu ambayo bonde zima linaijua.

Pale uwanjani alijificha nyuma ya gari la Dilwyn muuza nyama, ambaye ndiye mwandaaji wa mbio, asije akamwona usoni. Dilwyn alikuwa amesimama juu ya kreti, anatangaza kwa kipaza sauti, upepo unayapeleka maneno yake kwingine. Gethin hakusikia hata moja. Alichosikia ni kengele, na wakimbiaji wakatoka.

Ee bwana, siku hiyo alikimbia! Watu waliiona kofia nyekundu wakapagawa. "Twende Iestyn! Wape tope hao!" Wazee waliosimama kwenye geti la uwanja na vikombe vyao vya supu walipiga makofi. Wakimbiaji wenzake walimpisha njia bila kuombwa. Gethin alitabasamu ndani ya shali yake. Aliniambia hajawahi kuwa na furaha kama ile, na kwamba hilo ndilo linalomuuma kuliko yote, kwamba alifurahi.

Alipofika kwenye ukuta wa mawe, nusu ya mlima, alikuwa amebaki peke yake mbele. Mwanamke aliyesimamia pale akapunga mikono. "We! We, namba arobaini na moja! Rudi!" Gethin akajua amekamatwa. Akainamisha kichwa, akauruka ukuta, akazidi kupanda.

Kumbe mama wa watu alikuwa anamwambia njia imekatwa. Hilo ndilo Dilwyn alilokuwa akitangaza: juu kuna upepo wa kuua mtu, leo hakuna kufika kileleni, mnageukia ukutani. Kileleni hakukuwekwa msimamizi hata mmoja.

Sasa ngoja niwaambie jambo moja. Sisi wa huku tuna mwiko. Ukungu ukishuka mlimani, mtu haitwi kwa jina. Anapigiwa filimbi. Vijana huucheka mwiko huo, lakini sijawahi kumsikia hata mmoja wao akiita jina huko juu.

Ukungu ulimkuta Gethin karibu na kilele. Mvua ikageuka theluji. Akawa haoni miguu yake mwenyewe. Akapanda kwa kuhisi mteremko, mpaka lile rundo la mawe la kileleni likajitokeza mbele yake.

Palikuwa na mtu ameketi juu ya mawe. Mwanamke, kajifunika gubigubi. Gethin akashukuru Mungu kuona msimamizi.

"Arobaini na moja," alisema, akihema.

"Sikuuliza namba," mwanamke akanong'ona. "Jina?"

Wasimamizi hawaulizi jina. Gethin alilijua hilo. Lakini mwongo akishaanza safari hageuki njiani.

"Iestyn."

"Iestyn wa nani?"

"Wa Nerys."

Yule mwanamke akalirudia taratibu, akilionja. "Iestyn wa Nerys." Hapo ndipo Gethin alipoona. Theluji ilianguka kila mahali. Juu ya mawe, juu ya kofia yake, juu ya mikono yake. Kwa yule mwanamke haikuanguka. Na chini yake hapakuwa na unyayo.

"Ndiye wewe?"

Hapo alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Angesema, mimi ni Gethin. Maneno mawili matatu tu. Yalifika mpaka kwenye meno.

"Si mimi," akasema. "Mwenyewe yuko nyumbani. Kalala."

Hakuulizwa yuko wapi. Alisema mwenyewe.

"Ahsante," mwanamke akanong'ona. "Wewe shuka."

Gethin hakupitia hata uwanjani. Alishuka kwa upande wa nyumbani, akianguka, akiinuka, akilia kama mtoto. Njia ile inaishia kwenye geti la nyuma ya nyumba yao. Akaingia jikoni na matope yake. Mama yake akamgeukia akiwa anacheka.

"Umeona maajabu? Homa imekatika! Ghafla tu, kama mtu kaipuliza. Kaamka mwenyewe, huyo hapo."

Iestyn alikuwa mezani, mgongo wima, anatazama ukuta.

"Iestyn," Nerys akamwita. "Chai yako inapoa, mwanangu."

Hakugeuka.

"Iestyn! Masikio nayo yameziba?"

"Iestyn hayupo," akajibu kwa upole. "Yuko juu."

Nerys akacheka tena. "Msikie huyo! Homa bado inamchezea." Gethin akamshika kaka yake mkono. Ulikuwa baridi.

Wiki ile ilipita hivyo. Dilwyn alipopiga simu kumuulizia namba arobaini na moja, Gethin ndiye aliyeipokea, akasema kaka yake kafika nyumbani salama. Iestyn alikula alipopewa, alilala alipolazwa. Ukimwita kwa jina, hageuki. Daktari akasema mafua makali humchosha mtu akili, mpeni muda. Nerys akampa muda, akampa na supu ya kondoo, na usiku nilimsikia akilia kupitia ukuta. Gethin naye alimsikia. Kila siku alisema leo nitamwambia Mama. Alifungua mdomo, akaomba chumvi.

Jumamosi iliyofuata aliamua. Bonde lote lilikuwa jeupe kwa theluji, mbingu safi. Alipanda bila namba, bila kofia. Njia nzima alijifundisha la kusema: Mimi ni Gethin wa Nerys. Nilidanganya. Nichukue mimi, umrudishe kaka yangu. Alilirudia mpaka likawa wimbo.

Ukungu ulimsubiri kileleni, palepale. Kwenye mawe hapakuwa na mtu.

"Mimi ni..." akaanza.

Sauti ikagoma. Akajaribu tena.

"Mimi ni..."

"Geth?"

Sauti ilitoka ndani ya ukungu. Haikuwa ya mwanamke.

"Geth, ni wewe? Ngoja hapo. Naja."

Alisikia nyayo kwenye theluji. Aliujua mwendo ule. Tangu utotoni alikuwa akiufuata kwa nyuma, hakuwahi kuufikia. Sasa ulikuwa unamjia. Na Gethin, aliyekuja kwa ajili hiyo hiyo, aliyejifundisha maneno njia nzima, aligeuka akakimbia.

"Ngoja, Geth! Sioni njia!"

Iestyn, haoni njia! Iestyn ambaye angeweza kuushuka mlima ule amefumba macho! Gethin aliziba masikio, akazidi kukimbia. Nyayo zikamfuata. Zilianguka alipoanguka. Ziliinuka alipoinuka. Alipofika nyumbani alilibamiza geti la nyuma, akasukuma komeo kwa mikono miwili, akaingia ndani, akafunga na mlango.

Nerys alikuwa anamenya viazi. Iestyn yuko mezani, kama alivyomwacha.

"Unahema nini wewe?" mama akauliza. "Umefukuzwa na nani?"

"Hakuna."

Ndipo Iestyn akageuza shingo. Kwa wiki nzima hakuwa amegeukia kitu. Aliutazama mlango wa nyuma.

"Mama," akanong'ona. "Kuna mtu getini."

"Nani tena na baridi hii?" Nerys akapangusa mikono, akainuka.

Gethin akasimama mbele ya mlango. "Hakuna mtu, Mama. Nimetoka huko sasa hivi. Hakuna mtu kabisa."

Nerys akamtazama, akarudi kwenye viazi vyake. Iestyn aliendelea kuutazama mlango mpaka giza likaingia. Kisha, taratibu, akaugeukia ukuta. Tangu siku hiyo hajageukia kitu kingine.

Asubuhi Nerys alitoka kumwaga majivu. Tulimsikia akiita, mimi na Gethin tukatoka pamoja, mimi na ndara zangu.

Alikuwa amesimama kwenye geti la nyuma. Theluji ya upande wa ndani ilikuwa na nyayo za Gethin tu, na zetu za asubuhi ile. Upande wa nje, palikuwa pamekanyagwa mpaka nyasi zimeonekana. Nyayo za miguu mitupu. Zilishuka kutoka mlimani. Zilikwenda kushoto kwenye ukuta, zikarudi. Zilikwenda kulia, zikarudi. Kwenye mbao za geti, juu, palikuwa na alama za vidole zilizoganda barafu, zikitafuta komeo lililo ndani. Mwishowe nyayo zilipanda tena zilikotoka, moja moja, bila haraka.

Nerys alipiga magoti. Akaweka kiganja chake ndani ya unyayo mmoja, pale ambapo kidole cha pili kimekipanda cha kwanza.

"Huu ni mguu wa mwanangu," akasema. "Nimeuosha mimi huu." Akaangalia dirisha la jikoni, ambako Iestyn alikuwa ameketi na soksi zake kavu. Kisha akalishika komeo, lililokuwa limeliwa na kutu mpaka limekuwa jekundu, na mikwaruzo yake bado mipya.

"Geti hili halijafungwa tangu baba yenu afe," akasema. "Gethin. Nani alilifunga?"