Sala Iliyoangusha Hisa Zangu

Wifi yangu alisimama mbele ya ubao, akaimwaga sala yangu mbele ya darasa zima!

Ndugu zangu, ngojeni niwasimulie...

Mimi ni fundi cherehani. Nasoma masomo ya jioni ukubwani hivi, pamoja na wifi, dada wa mume wangu. Darasa letu lina akiba ya pamoja ya kununua hisa. Tulibaki na kampuni mbili zinazoshindana: moja ya chipu za kompyuta, nyingine ya simu.

Tukakubaliana mdahalo uamue. Akiba yote iende upande mmoja, ikae miaka ishirini bila kuguswa.

Mimi nilikuwa nimeuza cherehani yangu ya pili ili nichangie. Uzee wangu wote ulikuwa humo!

Mimi na wifi tulipangwa kutetea chipu. Nikaanza mimi.

"Simu zinapitwa na wakati. Lakini simu, gari, hata mashine ya hospitali, bila chipu ni bati tu!"

Darasa likacheka, likapiga makofi.

"Msemaji wa pili," mwalimu akaita.

Wifi akainuka. Hakunitazama.

"Mwalimu, nimehamia upande wa simu."

"Wifi!!"

"Kampuni ya chipu inategemea wateja wakubwa wachache. Siku wakijitengenezea wenyewe, kwisha habari! Lakini simu? Mtu picha zake zimo humo, namba zake zimo humo. Ahame aende wapi?"

Jamani... yale ya wateja yalikuwa maneno yangu!

Asubuhi hiyo tulishikana mikono tukasali. Nikamweleza Mungu hofu yangu hiyo, kwa sauti. Wifi akaitikia "Amina" machozi yakimtoka!

Kura zikapigwa. Simu ikashinda.

Nikamkamata mkono mlangoni.

"Wifi, nimekukosea nini?"

"Ah, mdahalo ni mdahalo, wifi. Usininunie bwana."

Hapo hapo akatokea jamaa aliyevaa fulana ya kampuni ya simu. Akamkabidhi wifi fulana kama ile ile.

"Dada, umetuletea darasa zima! Nami natimiza ahadi. Kesho unaanza kazi dukani kwetu."

Nikauachia mkono wake...

Maana kwenye sala ile wifi naye aliomba: "Baba, nifungulie mlango wa kazi." Na aliyeitikia "Amina" mpaka sauti ikakauka ni nani?

Mimi!

Ya miaka ishirini anayajua Mungu. Huenda simu ikalipa kweli, sibishi. Lakini wewe unayesoma hapa, mtu akikusifia hisa za kampuni, muulize kwanza mshahara wake unatoka wapi. Na hofu zako, mpe Mungu peke yake.

Wifi, bila haya, alinikumbatia akaninong'oneza:

"Niombee nidumu kazini, wifi yangu."

Nimemwombea, ndugu zangu.

Ila safari hii, kimoyomoyo.