Kigari cha Kupanda Mawe

Siku ya gulio, stendi ya Kayanga haina adabu. Bodaboda wanapita palepale wanapopita akina mama na mikungu ya ndizi vichwani, makondakta wanawavuta abiria mikono, na muuza dagaa anamwaga dagaa wake mlangoni pa duka la mwenzake. Katikati ya fujo hiyo, asubuhi moja ya mwezi wa sita, kigari chenye ukubwa wa kiatu cha mtu mzima kilitoka chini ya meza ya fundi redio, kikapanda gunia la maharage, kikashuka upande wa pili bila haraka, kikaingia barazani kwa fundi cherehani. Hapo kikanasa.

Aliyekuwa barazani ni Uwamahoro. Siku hiyo alivaa blauzi ya njano na sketi ya kitenge iliyomkaa vizuri kiunoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alitazama chini, akaona matairi manne yakizunguka polepole na kumeza uzi wake.

"Mwenye mdudu huyu ni nani?" akauliza.

Projestus Byarugaba akaja mbio, rimoti mkononi, shati limetobokatoboka kwa cheche za kuchomelea waya.

"Ni wangu, dada. Samahani sana. Usivute, utavunja ekseli."

"Ekseli? Na uzi wangu je?"

"Nitakununulia mwingine."

"Kwanza nieleze. Mtu mzima, na ndevu zote hizo, unachezea gari la watoto?"

"La watoto linakimbia. Hili halikimbii. Hili linapanda mawe."

"Likishapanda?"

"Linashuka."

Uwamahoro alicheka mpaka akaegemea cherehani. Kisha akachukua mkasi, akapiga magoti, akaukata uzi ule kidogo kidogo bila kugusa hata waya mmoja. Projestus alipenda palepale. Sisemi hakuiona sura, maana sura ilikuwepo na macho anayo, lakini kilichommaliza ni ule mkasi.

Tangu siku hiyo fundi redio akawa na nguo nyingi za kushonwa. Shati lililochanika, suruali isiyochanika, mfuko wa shati usio na kasoro yoyote. Uwamahoro alizipokea zote na uso mkavu. "Kaka, wiki hii nimekushonea mfuko huohuo mara ngapi?" akamuuliza. Baadaye akaacha kumwita kaka, akamwita Proje, na yeye akawa Uwa.

Kigari chenyewe kilikuwa cha kuokoteza. Injini ilitoka kwenye redio kaseti iliyokufa, gia kwenye printa ya ofisi fulani iliyotupwa, mikono ya kushikilia ekseli ilikuwa spoku za baiskeli zilizokunjwa kwa koleo, na bodi alilikata kwenye dumu la mafuta ya kula. Matairi alitengeneza kwa mpira wa ndala. Yalikuwa magumu, yakifika kwenye jiwe yanateleza. Uwamahoro ndiye aliyeleta dawa yake. Alichukua sponji za kutilia mabegani kwenye magauni, akazikata duara, akashona juu yake mpira laini wa tyubu ya baiskeli.

"Tairi likikanyaga jiwe libonyee, lilishike," Projestus akamweleza, akibonyeza kwa kidole. "Hivihivi. Umejuaje?"

"Bega la gauni nalo linabonyea hivyohivyo. Sasa mbona kinaanguka chali?"

"Mbele ni kwepesi. Nitatia nati kwenye ringi za mbele, zikivute chini."

"Kinafanana na mwenyewe. Kizito, halafu polepole. Mtu anaweza kuzeeka akikingoja."

Alikuwa na maana yake. Uwamahoro alizaliwa Nyakakika, kwa Mzee Theoneste, mkulima ambaye wazazi wake walitoka Rwanda zamani. Katika nyumba ile mchumba hatangulizi mshenga. Anakuja kwanza mwenyewe, anamsalimia baba, baba anamtazama usoni na kumpa mkono. Asipopewa mkono huo, mengine yote hayaanzi. Na Mzee Theoneste kifua kilikuwa kimembana tangu mvua za masika, sauti yake imebaki ndogo.

Projestus aliogopa. Alikuwa amesikia kwamba mzee aliuliza, "Ni yule fundi anayechezea vigari?" Mzee alitania tu, lakini utani ule ulimwingia Projestus kama mwiba. Akajiapiza kwamba siku atakayokwenda atakibeba kigari hicho, akipandishe mawe ya uani mbele ya mzee, ili mzee aone kuwa huu si mchezo, ni kazi ya mtu mwenye akili. Basi kila wiki kulikuwa na kitu bado. Leo springi, kesho usukani.

Ijumaa moja simu yake ya kitochi ikaita. Uwamahoro alikuwa ameshakwenda nyumbani kumuuguza baba.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Unaulizia chakula, sauti yako mbona hivyo?"

"Baba anakuita, Proje. Leo amekutaja mwenyewe kwa jina. Amesema nikuambie uje akuone."

"Nitakuja Jumapili baada ya ibada. Kweli kabisa."

"Usije kesho?"

"Kesho namalizia kitu. Jumapili, mama. Nimeshapiga pasi shati."

"Shati jeupe?"

"Jeupe, lile ulilolishonea mfuko."

Akacheka kidogo. "Haya. Jumapili."

Jumamosi asubuhi Projestus akakipeleka kigari kwenye miamba ya mlimani, juu ya Kihanga, kukijaribu kwa mara ya mwisho. Alipofika rimoti ikagoma. Betri zake zilikuwa zimevimba, na dukani hakuacha nyingine nzima. Akafungua simu yake ya kitochi, akachomoa betri, akaipachika kwenye rimoti kwa vipande viwili vya waya. Ilikaa vizuri, na rimoti ikawaka.

Ilikuwa siku njema kwake, na hilo ndilo linaloniuma ninaposimulia. Kigari kilipanda. Kilifika kwenye jiwe lenye urefu wa kiuno cha mtu, kikalinusa, tairi la mbele likabonyea na kushika, nati zikavuta chini, kikaenda juu kama konokono mpaka kileleni. Projestus alikuwa peke yake, akajipigia makofi. Alipata hata picha kichwani ya mkwe wake akicheka. Jua lilipoinama akarudi nyumbani, akaiacha betri humohumo kwenye rimoti, kesho kigari kisije kikamwaibisha mbele ya mzee. Nani atanipigia, akajiambia, na Uwa nimeshamwambia Jumapili?

Jumamosi hiyohiyo Uwamahoro alikuwa amepiga asubuhi. Akapiga mchana. Akapiga jioni, akiwa amesimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali mtandao unaposhika. Kila mara mwanamke yuleyule wa kwenye simu alimwambia kwamba namba hiyo haipatikani.

Jumapili baada ya ibada Projestus alipanda bodaboda akiwa na shati jeupe, viatu vinang'aa, boksi la kigari mapajani. Alipokaribia Nyakakika aliona watu wengi uani kwa Mzee Theoneste, akafurahi. Alidhani wamekusanyika kwa ajili yake. Akashuka akitabasamu, akarekebisha kola, akapita katikati ya migomba.

Kisha akaona majembe yameegemezwa ukutani, yana udongo mwekundu mbichi. Akaona wanawake wameketi chini, na Mukantabana, mama yake Uwamahoro, katikati yao, kichwa kimefunikwa. Mwanamke mmoja alikuwa akimwambia "Mwihangane, mwihangane," yaani vumilieni, kwa lugha ya kwao. Tabasamu lilichelewa kuondoka usoni kwa Projestus, na watu wote waliliona.

Baba mdogo wa Uwamahoro, Nshimiyimana, aliyetoka Kyerwa, akainuka.

"Wewe ndiye Projestus?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

Shikamoo ile haikuitikiwa.

"Kaka yangu alikungoja jana kutwa nzima. Leo umekuja kumwona nani?"

Uwamahoro alimvuta Projestus mkono mpaka nyuma ya nyumba. Alikuwa amejifunga khanga mbili, macho yamevimba, miguu peku.

"Ulizima simu," akasema.

"Sikuzima, Uwa. Naapa sikuzima. Betri niliitoa."

"Uliitoa ukaiweka wapi?"

Angeweza kudanganya. Wanaume wengi wangedanganya. Akasema kweli.

"Kwenye rimoti. Nilikuwa nakijaribu, nije nimwonyeshe baba."

Uwamahoro alilitazama lile boksi kwa muda mrefu.

"Ungeniambia ulilewa, ningekuelewa," akasema. "Ungeniambia ulikuwa na mwanamke, ningejua hasira yangu niielekeze wapi. Betri, Proje? Ya hicho kitu?"

"Nisamehe."

"Nenda. Tafadhali nenda, watu wananitazama."

Akaenda. Wiki zilizofuata alipiga, simu ikaita mpaka ikakata. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Baraza la cherehani lilikaa tupu, muuza dagaa akalitwaa. Projestus alikifungua kigari chote, spoku upande wake, nati upande wake, akavirudisha kwenye makopo yake. Sponji tu hakujua aziweke wapi, akazitia mfukoni mwa koti na kutembea nazo. Alikonda. Wateja walisema fundi siku hizi anakuuliza swali lilelile mara mbili.

Hata hivyo hakukaa bure. Alimwendea Pastory, mzee wa kanisa anayeheshimiwa pande zote mbili, wakafunga safari mpaka Kyerwa kwa Nshimiyimana. Projestus alipiga magoti, akaeleza habari ya betri kama ilivyokuwa, bila kuipamba. Nshimiyimana akamtazama, akasema, "Mtu anayetaka kudanganya asingechagua uongo wa kijinga namna hiyo." Akasamehe. Akasema akija kwa utaratibu, yeye mwenyewe atampa mkono kwa niaba ya marehemu.

Siku hiyo Projestus alirudi Kayanga akiimba.

Gulio lililofuata Uwamahoro akatokea stendi. Alivaa gauni jeusi la kupwaya, hakuwa na hereni. Alikuja kuchukua cherehani. Yeye na mama yake walikuwa wanahamia Kyerwa kwa baba mdogo, kule Nyakakika nyumba ilikuwa imewazidi. Projestus alimwona, akaacha redio ya mteja wazi, akamfuata.

"Uwa."

"Proje. Umekonda."

"Na wewe pia. Baba mdogo amekuambia?"

"Ameniambia. Mlifanya vizuri kwenda."

"Amenisamehe."

"Hata mimi nimekusamehe. Siku nyingi tu."

"Basi nikuoe. Sina maneno mazuri, nimeyasahau njiani kuja hapa. Nikuoe, Uwa. Mwezi huu, mwakani, utakapotaka. Nakupenda."

"Na mimi nakupenda. Usifikiri nimeacha."

"Sasa?"

Akaketi kwenye mbao za cherehani lake, akazivuta pindo za gauni.

"Siku ile baba alizidiwa, hakutaka kungoja Jumapili, akawa anasikiliza pikipiki. Kila ikipita barabarani anafumbua macho, ananiuliza, amefika? Namwambia, yuko njiani, baba. Nilijua hupatikani, Proje. Nilikuwa nimetoka kupiga. Namwambia yuko njiani. Akauliza tena. Nikamwambia yuko karibu, amesimama hapo dukani kununua soda za kuja nazo. Akafurahi. Akasema nimvalishe shati lake la kanisani, mkwe asimkute hovyo. Nikamvalisha. Akawa anashika kola, anaiweka sawa. Alikufa hivyo, mkono kwenye kola."

Projestus alifunika uso.

"Uongo ule ni wangu, si wako," Uwamahoro akaendelea, taratibu, bila kulia. "Na nilikusemea vizuri sana. Nilikuwa nakupenda huku nikiusema. Sasa kila nikikutazama namwona baba anaweka kola yake sawa. Hata hapa. Nitalalaje nyumba moja na wewe?"

"Itaisha, Uwa. Muda ukipita."

"Labda. Lakini sitaki ukae unangoja iishe. Ningekuwa nakudanganya na wewe."

Kondakta akaita abiria wa Kyerwa. Projestus akalibeba cherehani mwenyewe, akalipandisha juu ya gari, akalifunga kamba vizuri lisitikisike. Aliposhuka, Uwamahoro alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akauweka shavuni, akaingia ndani. Gari liliondoka. Alimpungia mpaka kona, na yeye akapunga.

Kesho yake Projestus alichukua bodaboda kwenda Nyakakika. Hakubeba kitu. Nyumba ya Mzee Theoneste ilikuwa imefungwa, uani majani yameanza kuota. Kwenye migomba jirani mmoja mzee, mama Adventina, alikuwa akipalilia. Akamwona kijana amesimama, hajui pa kupita.

"Wamehama hao," akamwambia.

"Najua, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa unamtafuta nani?"

"Mzee."

"Mzee tulimzika, mwanangu. Hukupata habari?"

"Nilipata."

Adventina alinyoosha mgongo, akamtazama vizuri. "Wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye mgeni ambaye mzee alikuwa akimngoja."

Yule mama akalaza jembe chini, akafuta mikono kwenye khanga.

"Pita huku," akasema. "Upande ule kuna matope."

Akamtangulia mpaka kaburini, akasogea pembeni. Projestus akasema shikamoo, akasema jina lake na la baba yake, kama inavyompasa mtu anayejitambulisha kwa mkwe. Halafu akalia kwa sauti, na Adventina akamwacha alie.