Vidole Vitatu Ukutani

Jumatano ile ilianza kama Jumatano nyingine. Binti mkubwa wa Fundi alifagia uwanja, kisha akamsuka mdogo wake nywele. Mdogo alilalamika kwamba anachunwa ngozi ya kichwa. Walikunywa chai. Mama yao, mshonaji, alikuwa ameshakaa kwenye cherehani. Binti aliwaaga wazazi, akabeba mkoba, akamshika mdogo wake mkono, wakaenda shule.

Ilipofika saa tano asubuhi hakuwa hai tena.

Fundi alikuwa kazini, upande wa pili wa mji, akijenga nyumba ya mtu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na kukatika alfajiri ile. Alimwona mtu akija na baiskeli mbio kwenye matope, akiita jina la shule. Fundi hakuuliza ni mtoto gani. Aliuliza jambo moja tu.

"Ni ukuta?"

Mzee Karai, kibarua wake wa kubeba udongo, alimtazama kwa mshangao. Ameujuaje ukuta kabla hajaambiwa?

Fundi aliujua kwa sababu alikuwa ameshaambiwa. Wiki mbili kabla, mtoto mwenyewe alimwambia.

Binti huyo alikuwa darasa la sita. Kila Jumamosi alimpelekea baba yake chakula kazini, na akishafika haondoki. Anakaa juu ya tofali na kutazama. Hapo ndipo alipolijua timazi. Timazi ni uzi wenye kipande cha chuma mwishoni. Ukiliachia lining'inie, uzi unasimama wima, nawe unalinganisha ukuta na uzi. Kila Fundi alipopandisha mistari mitano ya matofali, alimpa Mzee Karai timazi apime. Mzee Karai hakuwahi kushika mwiko maishani mwake, lakini haogopi. "Hapa ulilewa, Fundi," husema. Fundi hucheka, hubomoa, hupanga upya. Hakuna anayenuna.

Muhula ule binti aliona ufa kwenye ukuta wa darasa lao, upande wa dirishani. Akachukua uzi wa mama yake na kufunga nati mwishoni. Akauning'iniza kwenye msumari wa ramani, karibu na dari. Kule chini, kati ya uzi na ukuta, paliingia kidole kimoja. Aliandika tarehe nyuma ya daftari la hesabu, na mbele yake akaandika: kidole kimoja. Wiki iliyofuata vikaingia vidole viwili. Ukuta ulikuwa unaegemea ndani, kwa watoto.

Alinyoosha mkono.

Mwalimu wao alikuwa mwanamke mchapakazi. Alikuwa na wanafunzi sabini na mmoja katika chumba cha watoto arobaini, na siku hiyo alikuwa amechoka. Alimsikiliza mpaka nusu.

"Nani mwalimu hapa? Mimi au wewe?"

Darasa likacheka. Tangu siku ile wenzake walimwita Bi Injinia. Siku ya pili alinyoosha mkono tena, akasema jambo lilelile kwa maneno yaleyale. Safari hii mwalimu alimhamishia dawati la kando ya ukuta. "Kaa hapo uulinde," alisema, "usije ukakimbia." Kisha akaandika barua kwamba mtoto amekuwa mbishi na mzazi aje.

Fundi alikwenda akiwa na saruji kwenye kandambili. Yeye aliishia darasa la nne, na kila alipoingia ofisi yenye meza kubwa alijiona mdogo kama punje ya mtama. Mwalimu mkuu alimsomea barua. Fundi aliomba radhi, akamwamuru na binti aombe radhi. Binti aliomba. Darasa lilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Fundi hakwenda kutazama.

Njiani binti alinyamaza mpaka walipofika kwenye kona ya kinu cha unga.

"Baba, mbona wewe unampa Babu Karai timazi apime kazi yako, na hukasiriki?"

"Ule ni ukuta. Huyu ni mwalimu."

"Lakini nami nasema ukuta, baba. Ungetazama tu."

Hapo ndipo Fundi aliposema neno ambalo sasa anaamka nalo kila siku. Alimwambia kwamba mwalimu ni mzazi wa pili. Akasema, "Ukiambiwa kaa, kaa. Hata ukuta ukiinama, wewe kaa ulipoambiwa."

Mkewe alilisikia neno lile, maana wakati huo walikuwa wameshafika mlangoni pa nyumba yao. Hakulipinga. Hata yeye alilelewa hivyohivyo.

Yaliyotokea Jumatano waliyasikia msibani, kutoka kwa msichana aliyekaa dawati moja na binti yao. Mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji. Alikuja na shangazi yake, akakaa chini karibu na mama wa marehemu, akasema bila kuulizwa. Walikuwa wanafanya mtihani. Mwalimu alikuwa amesema asiinuke mtu. Vumbi likaanza kudondoka juu ya karatasi zao.

"Nilimwambia tutoke," alisema. "Akapangusa vumbi, akaendelea kuandika. Akasema baba amesema tukae."

Yeye aliinuka. Ndiyo maana alivunjika mkono tu.

Fundi alikuwa nje na wanaume, lakini dirisha lilikuwa wazi.

Siku chache baada ya mazishi alikuja mkaguzi wa majengo, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira. Alitoa pole kwanza, akanywa maji aliyopewa. Kisha akaomba kuona daftari la hesabu, kwa sababu watoto walimsimulia habari ya uzi. Mama alilitoa kwenye mkoba uliorudishwa kutoka shuleni. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari mitatu. Kidole kimoja. Vidole viwili. Vidole vitatu. Wa tatu uliandikwa Jumatatu, siku mbili kabla. Huo hakumwambia mtu yeyote.

Kurasa za katikati zilikuwa na zoezi la mwandiko. Darasa zima lilikuwa limeandika mara ishirini: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mkaguzi alifunua upesi.

"Hii ni ripoti," alisema. "Mimi ningeandika hivihivi, ila kwa milimita."

Alimweleza Fundi kilichouangusha ukuta. Paa la darasa halikuwa na mfereji wa kukinga maji. Miaka mingi maji yalidondoka mahali pamoja, yakachimba udongo chini ya msingi. Mvua ya siku tatu ilimalizia tu kazi iliyokwisha kufanyika. Fundi alielewa kila neno. Angetazama mara moja tu, angejua.

Uchungu ukamtoka kwa njia ya ubishi. Akauliza: kwa hiyo sasa kila mtoto ambishie mwalimu? Kesho watakataa hata kufagia darasa.

Mkaguzi hakukasirika. "Akiambiwa fagia, afagie. Akiambiwa nyamaza watu wasome, anyamaze. Bila utii huo hakuna shule. Lakini kumwambia mtu kuna nyoka chini ya kiti chako si kumkosea adabu. Hata kumuuliza mwalimu, sikuelewa hapa, au, naona hesabu hii imekosewa, si ubishi. Ni kusoma. Mtoto aseme kwa heshima. Hatari ikiwa mbele yake, atoke kwanza, heshima itamsubiri nje. Na asiposikilizwa, amwambie mtu mzima wa pili. Kazi ya huyo wa pili ni moja tu, kwenda kutazama."

Fundi alilitazama daftari.

"Mtu mzima wa pili nilikuwa mimi."

"Ndiyo," alisema mkaguzi.

Jioni yake akaja mwalimu mkuu. Naye alitoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli, maana machozi yalimlengalenga. Kisha akasema kwamba Jumamosi kuna mkutano wa wazazi, na kuna karatasi ya kuweka sahihi. Karatasi ilisema ukuta uliangushwa na mvua kubwa isiyotarajiwa. Fundi ni mtu wa kazi hiyo, alisema. Akisema mvua, watu wataamini na mioyo itatulia. Hata moyo wake mwenyewe.

Alipoondoka, karatasi ilibaki mezani, kando ya cherehani. Fundi aliitazama. Ilikuwa karatasi nzuri. Ndani yake hakuna mwalimu aliyekataa kusikia, wala baba aliyesema kaa. Kuna mvua tu.

Mkewe alikuwa hajasema naye zaidi ya maneno ya lazima tangu msibani. Sasa alisimamisha cherehani.

"Huyu mdogo hatarudi pale kwa karatasi hiyo," alisema. "Nenda ukaseme. Siku ya kusema ulinyamaza, baba watoto. Nami nilinyamaza."

Mkutano ulifanyika uwanjani, kwa sababu hakuna aliyetaka kuingia ndani. Fundi aliposimama, alikuwa na karatasi mkono mmoja na daftari mkono wa pili. Alisoma mistari mitatu ya binti yake, na tarehe zake. Kisha akaeleza alivyoitwa, alivyoomba radhi, na neno alilosema pale mlangoni. Hakulipunguza hata kidogo.

Mtu mmoja nyuma alisema, si kwa sauti ndogo, "Fundi mzima, akashindwa kutazama ukuta." Mwingine akasema kwamba basi mtoto kauawa na babake. Mzee Karai, aliyekuwa hana mtoto shuleni lakini alikuja, aligeuka kuwajibu. Fundi akamzuia kwa mkono. Walikuwa hawajakosea.

Ndipo mwalimu wa darasa la sita aliposimama. Alikuwa amekonda. Alisema kwamba binti alimwambia mara mbili. "Mara ya tatu hakuniambia," alisema, "kwa sababu nilikuwa nimemfundisha asiniambie." Akasema pia kwamba ufa ule yeye mwenyewe aliuona tangu muhula wa kwanza. Alimwambia mwalimu mkuu, akaambiwa afundishe, majengo si kazi yake. Akatii.

Watu wakamgeukia mwalimu mkuu. Alisema kwamba mwaka uliopita aliiandikia ofisi ya elimu barua kuhusu majengo, naye alikuwa bado akisubiri jibu. Hakufuatilia, maana wakubwa hawasumbuliwi. Aliichukua karatasi yake kutoka kwa Fundi, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni.

Mkutano ulikuwa mrefu na wenye maneno makali. Lakini yalitoka ya kufanya. Vyumba vyote vilifungwa mpaka mkaguzi alipovipima, na mwezi mzima watoto walisoma kwa zamu katika jengo la ibada la jirani. Wazazi walikinga maji ya paa kwa mifereji ya bati. Ukuta ulijengwa upya, nao Fundi aliujenga bila malipo. Kila mistari mitano alimwita mwalimu aje apime. Wanafunzi waliambiwa mstarini, mwalimu mkuu mwenyewe akisema, kwamba mtoto akiona hatari na kuisema, hachekwi wala haadhibiwi, na aliyeambiwa lazima aende kutazama siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu alisema akitazama chini.

Mwalimu wa darasa la sita bado anafundisha. Mtoto akinyoosha mkono, anaacha chaki na kusubiri mpaka amalize. Wateja wawili walimnyima Fundi kazi baada ya mkutano ule, naye hakuwauliza sababu. Mkewe siku hizi anazungumza naye, lakini neno lile la mlangoni hawalitaji. Dawati la kando ya dirisha linakaliwa na watoto wengine. Jina la Bi Injinia halitamkwi tena pale shuleni, hata kwa mzaha.

Kila Jumatatu, kabla ya kengele, wanafunzi wawili hupita na timazi katika kila chumba na kuandika kwenye daftari linalokaa ofisini. Juma lililopita ilikuwa zamu ya mdogo wake marehemu. Madarasa yote yalikuwa wima. Ukuta wa choo cha wavulana ulikuwa umeegemea kidole kimoja. Aliandika hivyo, mwalimu mkuu akaenda kutazama, na choo kimefungwa.