Tanbihi Juu ya Jalada

Mchapaji alikuwa amezoea ukaidi wa kompyuta, lakini huu wa leo ulimfika kooni. Tangu asubuhi alikuwa akibadilisha nambari za tanbihi katika tasnifu ya mdogo wake, kutoka za Kirumi ziwe 1, 2, 3 kama chuo kilivyoagiza. Alichagua mtindo, akabofya "hati nzima", zikakubali. Akigeuka tu kuchukua karatasi, zimerudi za Kirumi. Mara ya saba alitukana kwa sauti, yeye ambaye wateja humwita Bi Subira.

Mdogo wake alikaa kwenye kiti cha wateja, goti likimcheza. Ofisi ya chuo ingefungwa saa kumi. Asipowasilisha leo, mwaka wake umekwenda na maji.

"Dada, saa nane hii."

"Na mimi nina macho. Kazi hii umeitoa wapi?"

"Nimeandika mwenyewe."

Hapo ndipo alipoona tanbihi ambayo asubuhi haikuwepo. Nambari yake ilikaa kwenye jalada, begani mwa jina la mdogo wake, na chini ya ukurasa paliandikwa: *Siye huyu.*

Akaifuta. Ikarudi. Akaifuta tena, na safari hii chumba kikajaa harufu ya dawa za hospitali iliyochanganyika na udongo mbichi, na nyuma ya printa, mahali ambapo hata paka asingepenya, mtu akakohoa kikohozi kikavu, kirefu, cha mgonjwa anayejizuia asiwasumbue wenzake.

"Ndivyo alivyokuwa anakohoa," mdogo wake alinong'ona.

"Nani?"

"Niliyekaa naye chumba kimoja chuoni. Alifariki mwaka jana. Kazi ilikuwa imekwisha, dada, zimebaki tanbihi tu. Nikaona itaoza bure sandukuni."

"Ukafuta jina lake ukaweka lako?"

Akainamisha kichwa. Hasira ilimpanda mchapaji kuliko hofu. Siku nzima anahangaika na nambari, kumbe anahangaikia wizi.

"Turudishe jina lake," alisema.

"Halafu mimi nipate nini?"

"Usingizi."

Kijana akamsukuma na kiti chake, akaishika kompyuta mwenyewe. "Kazi ni yangu!" aliiambia nafasi tupu nyuma ya printa, akaifuta tanbihi ile.

Kimya. Harufu ikakatika. Nambari zikajipanga 1, 2, 3 hadi ukurasa wa mwisho bila kuguswa. Printa ikatema karatasi, naye akazikumbatia na kutoka mbio, hata asante hakusema. Mchapaji alibaki amekasirika, na nusu yake ikishukuru kwamba yamekwisha.

Saa kumi na dakika tano simu ikaita. Namba ya mdogo wake.

"Umewahi?"

"Nimewahi, dada. Kazi yangu imepokelewa." Sauti ilikuwa ya mdogo wake, ila tangu azaliwe hakuwahi kusema naye kwa adabu namna ile. "Nakushukuru sana kwa kunichapia."

"Mpe mdogo wangu simu."

"Hayupo. Yeye alichukua kazi yangu, mimi nimechukua mwili wake." Sauti ikashuka, kama ya mgeni anayeona haya kuomba. "Jioni nitakuja nyumbani. Mwambie mama aniwekee chakula."