Hodi Kwenye Magego

Chapuchapu hakupewa jina hilo bure. Akifagia, vumbi lilikimbilia chini ya kabati likajificha huko. Akiosha vyombo, masufuria yalirudi rafuni na ukoko wake. Mama yake, ambaye ni fundi cherehani, alimtania kwamba siku ya harusi yake atafika ukumbini hata viti havijapangwa. Chapuchapu alicheka tu, maana alijua Mama anampenda na haraka zake zote.

Kazi moja tu ndiyo iliyomshinda. Kila jioni, Mama akiwa bado anamalizia nguo za wateja, Chapuchapu alitakiwa kumsimamia mdogo wake, Kitinda, apige mswaki, kisha ampitishie uzi wa meno. Daktari wa meno ndiye aliyeagiza. Alikuwa ameona weusi katikati ya magego mawili ya Kitinda, akasema, "Mswaki haufiki hapa. Mpitishieni uzi kila siku kabla ya kulala. Mkija tena nikakuta hali imezidi, itabidi tung'oe."

Kitinda aliposikia "tung'oe", alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili mpaka wakafika nyumbani.

Hata hivyo, woga huo haukumfanya aupende uzi. Saa ya kulala ikifika alikuwa hoi kwa usingizi, akirusha miguu na kuuma vidole vya dada yake. Chapuchapu naye, kwa papara zake, aliukandamiza uzi ukachoma ufizi, na kilio kikasikika kwa majirani. Mwishowe wakapatana kimyakimya: Kitinda asilie, Chapuchapu asimsafishe. Kila jioni Chapuchapu alikata kipande cha uzi, akakilowesha bombani, akakitupa kwenye ndoo ya taka mahali ambapo Mama hawezi kukikosa.

"Tayari, Mama!"

"Mara hii? Haya, mkalale, wanangu."

Mambo yakawa shwari, hadi jioni moja walipokuwa wakila. Kitinda aliacha kutafuna, akabaki na chakula shavuni huku machozi yakimlengalenga.

"Jino linauma?" Mama akashtuka. "Mbona tunalisafisha kila siku?"

Aliinuka, akaenda kwenye ndoo ya taka, akarudi na kipande cha uzi wa jana. Alikigeuzageuza chini ya taa kama anavyokagua mshono wa mteja mkorofi.

"Uzi uliopita mahali pa kubana huchakaa," akasema polepole. "Huu bado ni mzima kabisa. Chapuchapu, jana ulimsafisha mdogo wako?"

Kabla Chapuchapu hajafungua mdomo, Kitinda akadakia, kiganja bado kikiwa shavuni, "Alinisafisha, Mama. Dada alinisafisha vizuri sana."

Hapo moyo wa Chapuchapu ukamuuma kweli. Mtoto anaumwa, na bado anamtetea! Tena uongo wenyewe alimfundisha yeye.

"Si kweli, Mama," akasema huku akilia. "Ninaulowesha bombani. Analia, ananiuma, nami nikaona tabu."

Mama akauweka uzi kando.

"Umenisikitisha," akasema. "Si kwa kushindwa. Hata mimi nashindwa na mambo mengi. Ungeniambia, ningekusaidia. Njooni hapa, wote wawili."

Aliketi mkekani, akamlaza Kitinda kichwa mapajani, taa ikimulika usoni. Akakata uzi, akaunganisha ncha zake kwa fundo ukawa kitanzi, rahisi kushika, akampa Chapuchapu.

"Uzi haulazimishwi, mwanangu. Upeleke na kuurudisha, taratibu, mpaka ushuke wenyewe. Kisha ukumbatishe jino hili, halafu na jirani yake. Na kuanzia leo mtafanya mara tu baada ya kula, kabla usingizi haujamvamia."

Yote yalikuwa mazuri, ila Kitinda alikuwa amekaza midomo. Chapuchapu akafikiri, kisha akamgonga taratibu kwa kidole kwenye shavu lisilouma.

"Hodi!"

"Nani?" Kitinda akauliza bila kuachia meno.

"Mfagiaji. Nimekuja kufagia uani."

"Ingiaaa!"

Kinywa kikafunguka wazi mpaka koo likaonekana. Chapuchapu akaupitisha uzi polepole, nao ukatoka na kipande cha nyama kilichokuwa kimejibana kati ya yale magego. Kitinda akavuta pumzi ndefu ya nafuu.

Tangu hapo, kila jioni mgeni alibisha hodi. Siku nyingine alikuwa fundi bomba, siku nyingine askari anayemtafuta mwizi wa sukari. Kitinda ndiye aliyeanza kukumbusha.

Siku ya kumwona daktari ilipofika, Kitinda alipanda kwenye kiti kile kirefu akafunga mdomo kabisa. Daktari alibembeleza wee, asifanikiwe. Chapuchapu akasogea, akamgonga shavuni.

"Hodi!"

"Ingiaaa!"

Daktari akacheka, kisha akatazama kwa muda mrefu.

"Gego moja limetoboka kidogo," daktari akasema hatimaye. "Nitaliziba. Halina haja ya kung'olewa. Ufizi nao ni mzima. Nani anamsafisha?"

"Dada!" Kitinda akajibu, na safari hii ilikuwa kweli.

"Lakini mwanzoni sikumsafisha, Daktari," Chapuchapu akasema. "Nilidanganya."

Mama akamshika bega. Walipokuwa wakirudi nyumbani alimwambia, "Leo ukweli wako umenifurahisha kuliko hata kunusurika kwa hilo jino. Kazi ikikushinda, sema, tutatafuta njia pamoja. Ukificha, anaumia mwingine."

Jioni hiyo, Mama alikuwa kwenye cherehani, pini midomoni, mara akahisi kidole kikimgonga shavuni. Alikuwa Kitinda, ameshika kitanzi cha uzi.

"Hodi, Mama! Wewe hatujakuona ukipitisha uzi hata siku moja."

Mama akamtazama Chapuchapu, akamtazama Kitinda. Akatoa pini moja moja, akaziweka mezani.

"Kweli kabisa, nimekamatwa," akasema. "Ingiaaa!"